Tununue Waya Kwanza

Nina neno juu ya inveta ambayo wazazi wetu wamekubali kuichangia, ili umeme ukatikapo jioni tupate kusoma ukumbini badala ya kukaa gizani. Jambo lenyewe ni jema, na sisi wa Kidato cha Nne, ambao mtihani wetu ni mwezi wa Novemba, twawashukuru kuliko wote. Lakini tangu habari hiyo itangazwe, mazungumzo ya bwenini ni ukubwa wa inveta tu. Mmoja ataka ya wati 3000, mwingine asema 5000, na wako waotao kupiga pasi mashati yao. Sijamsikia hata mmoja akiuliza waya utakuwa mnene kiasi gani. Mimi nauliza, kwa sababu nimekwisha kuona matokeo yake, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Likizo ya Desemba nilikaa kwa baba mdogo, ambaye ni mpimaji katika kambi ya barabara. Nyumba yake ni tela, yaani chumba cha bati chenye magurudumu, ambacho huvutwa na lori kila kambi ihamapo. Jenereta ya kambi huwashwa kwa muda wa saa tatu tu kila jioni. Katika muda huo chaja huijaza betri ya volti 12. Jenereta ikizimwa, inveta hugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, kwa ajili ya taa, kompyuta yake ya kazi, na birika dogo la wati 600. Vyombo alivinunua yeye. Kazi ya kuviunga aliniachia mimi, maana alikwisha kujisifu mbele ya wenzake ya kuwa mtoto wa kaka yake asoma Fizikia.

Basi nilichukua waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani, nikaupitisha chini ya kitanda, mita tatu kutoka betri hadi inveta. Niliona watosha kabisa, kwa kuwa volti 12 mtu aweza kuzishika kwa mkono mkavu asisikie kitu. Hofu yangu yote niliiweka upande wa volti 230, na huko nilifunga kila kitu kwa uangalifu mkubwa. Taa zikawaka, nikasifiwa. Usiku birika lilipowashwa, inveta ilipiga kelele ikajizima. Nikatoa hukumu ya kuwa betri imechoka. Baba mdogo hakunibishia. Alinunua mpya, kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mabati ya nyumba ya bibi. Tukaifunga. Inveta ikapiga kelele vile vile.

Akaja fundi mmoja mzee wa mitambo. Hakugusa inveta wala betri. Alipitisha mkono chini ya kitanda, akaushika waya, akauachia upesi. "Kijana," akaniambia, "waya huu una homa." Ngozi yake ilikuwa imelainika kama ulimbo, na godoro lilikuwa juu yake.

Hesabu yake hata mwanafunzi wa Kidato cha Pili aweza kuifuata. Wati 600 kwa volti 230 ni chini ya ampea 3. Wati zile zile kwa volti 12 ni ampea 50, tena zaidi, maana inveta nayo hula kidogo. Waya ule una ukinzani wa karibu ohm 0.007 kwa kila mita, na umeme huenda mita tatu na kurudi mita tatu, basi jumla ni ohm 0.042. Kwa kanuni ya Bwana Ohm, yule Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827 (nami nilikwisha kuijibu vizuri katika karatasi ya mtihani!), volti zaidi ya 2 zilibaki njiani. Inveta nyingi za volti 12 hujizima zionapo volti 10.5 au karibu yake. Ikadhani betri imekwisha, kumbe waya ndio mwizi. Na kilichoibwa kiligeuka joto la wati zaidi ya 100 chini ya kitanda cha mtu. Kebo ya milimita za mraba 35 ingepoteza volti 0.15 tu, au zaidi kidogo.

Kosa la pili lanitisha hata leo: sikuweka fyuzi. Tela hutikisika njiani, na chuma chake kimeungwa na upande wa hasi wa betri. Waya wa chanya ukichubuka na kugusa chuma, betri humwaga mamia ya ampea wala hakuna cha kuizuia. Fyuzi hukaa karibu na ncha ya chanya ya betri, isipite shibiri moja, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya, na waya huanzia pale. Shuleni hatuna magurudumu, lakini panya tunao.

Sasa ukumbi wetu. Una taa 12 za wati 18, yaani wati 216. Inveta ya wati 3000 ya volti 12, ikitumiwa yote, yataka ampea 250, na kebo zake ni nene kama kidole gumba. Ya nini? Maoni yangu ni betri mbili za ampea-saa 100, zifungwe mfululizo zitoe volti 24, na inveta ya wati 500 tu. Ampea zitakuwa kama 10, na kwa saa tatu za kujisomea hatutatumia hata nusu ya akiba, jambo ambalo betri za risasi hulipenda sana. Fedha itakayosalia inunue kebo nene, fyuzi, na kasha lenye matundu, maana betri hizo zikijazwa hutoa haidrojeni. Zisiwekwe katika stoo ya magodoro. Chaja nayo ichomekwe katika umeme wa gridi peke yake. Ikilishwa na inveta, betri itajikopesha yenyewe, na kila mara senti itaanguka njiani. Pasi zibaki na mkaa.

Namwomba pia Bwana Mkuu wa Shule jambo moja. Fundi atakapokuja, asifunike waya wowote kabla mwanafunzi mmoja hajaruhusiwa kuushika kwa mkono, taa zote zikiwa zimewaka nusu saa.