Msitusifie Manowari kwa Vitanda Vyake

Muhula uliopita, katika kipindi cha mdahalo, mwenzetu mmoja alituonyesha picha za ndani za manowari ya Marekani iitwayo USS San Antonio. Ni meli ya kuteremsha askari ufukweni: ina urefu wa zaidi ya mita 200, na hubeba askari wapatao 700 pamoja na magari yao, helikopta na vyombo vya kutua pwani. Tukaona vitanda vya ghorofa ambavyo mtu anaweza kukaa kitako bila kugonga kichwa, korido pana za kumpitisha askari mwenye mzigo mgongoni, na vyumba safi vya matibabu. Darasa likapiga makofi. Mwenzetu akamalizia kwa kusema kwamba hivyo ndivyo kazi ya uhakika inavyofanywa, tena kazi ya kijeshi, siyo haya mambo yetu ya kiraia ya kupakia watu kama magunia. Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

Mimi sikupiga makofi. Kwa kuwa muda wa kujibu ulikuwa umekwisha, najibu hapa.

Sina ugomvi na vitanda. Waliosanifu meli ile walifanya jambo la busara ambalo wasanifu wengi hawalifanyi: waliwasikiliza mabaharia na askari kabla ya kukamilisha michoro, na walizingatia tangu mwanzo kwamba wanawake nao wangelala humo. Askari anayekaa miezi sita baharini anastahili mahali pa kunyoosha mgongo. Ugomvi wangu ni kwamba mwenzetu alifika kitandani akaishia hapo, kana kwamba meli ni nyumba ya wageni.

Angeendelea kushuka ngazi hadi kwenye injini, angekuta habari nyingine. San Antonio ilikabidhiwa mwaka 2005 ikiwa imechelewa sana na imezidi bajeti kwa mamia ya mamilioni ya dola. Januari 2006 ikaingizwa rasmi katika jeshi. Juni 2007, Donald Winter, aliyekuwa Waziri wa Jeshi la Majini la Marekani, alimwandikia barua mkuu wa kampuni iliyoijenga, akilalamika kwamba mpaka wakati huo hajapata meli inayoweza kutumwa kazini. Agosti 2008 ilipotakiwa kuanza safari yake ya kwanza ya kikazi, mlango mkubwa wa tezi uligoma na safari ikaahirishwa. Ilipofika Ghuba, mabomba ya oili yakawa yanavuja. Ikalazimika kufunga gati Bahrain kwa wiki kadhaa, na mafundi wakapandishwa ndege kutoka Marekani kwenda kuchomelea upya mabomba ya meli ambayo bado ilikuwa mpya. Uchunguzi uliofuata ulikuta maungio yaliyochomelewa vibaya na uchafu ndani ya oili, uchafu uliokuwa unakwenda kusaga beringi za injini.

Hivi ni vitu visivyopigwa picha. Bomba limefungwa nyuma ya ukuta uliopakwa rangi nzuri, na fundi aliyelipua kazi ameshalipwa, ameshaondoka. Wanaojifunza Kiswahili kama sisi tunalo neno la kutusaidia hapa. Watu wa pwani walipounda jahazi, baada ya mkuku, mataruma na mbao, walikuja na kalafati: pamba yenye mafuta inayosukumwa kwa patasi na nyundo kwenye kila ufa kati ya ubao na ubao. Kalafati haionekani. Jahazi lenye nakshi nzuri tezini na kalafati mbovu litajaa maji kabla halijavuka mkondo. (Mimi ni mtu wa bara na bahari nimeiona ukubwani, lakini neno hili nililishika siku ya kwanza nilipolisikia, na nashangaa wanaokariri misamiati ya meli kwa ajili ya mtihani bila kujiuliza ilikuwa inafanya kazi gani.)

Kuna dada wa San Antonio anayeitwa USS New York. Katika omo yake waliweka tani 7.5 za chuma kilichoyeyushwa kutoka mabaki ya World Trade Center. Sherehe ya kuipokea, Novemba 2009, ilikuwa ya machozi, nami siwacheki waliolia. Lakini Januari 2010, miezi miwili tu baadaye, beringi za injini zikaharibika. Chuma cha omo kilikuwa na historia nzito. Injini haikujua historia hiyo.

Sasa nifike kwenye meli iliyonifanya niandike. USS Bonhomme Richard ilikuwa kubwa kuliko hizo, mita 257, na ilikuwa San Diego ikimalizia matengenezo ya takriban dola milioni 250. Asubuhi ya Jumapili, Julai 12, 2020, moto ulizuka katika sitaha ya chini ya magari. Ukawaka zaidi ya siku nne na kuharibu sitaha 11 kati ya 14. Watu zaidi ya 60 walitibiwa. Kwa bahati hakufa mtu. Kuitengeneza kungegharimu zaidi ya dola bilioni 2.5, kwa hiyo wakaiuza kama vyuma chakavu kwa dola milioni 3.66.

Baharia mmoja alishtakiwa kwa kuuwasha moto huo, na mwaka 2022 mahakama ya kijeshi ikamwachia huru. Lakini tuache nani aliwasha. Swali la mtu anayezungumzia ubora wa meli ni kwa nini haukuzimika. Ripoti ya jeshi lenyewe, iliyotolewa Oktoba 2021, inasomeka kama orodha ya dhambi. Sitaha ya magari, ambayo kazi yake ni kubeba magari, ilikuwa imegeuzwa stoo: maboksi makubwa, mbao, matambara, kila kitu cha kuwaka. Nyaya na mipira ya mafundi ilikuwa imepitishwa milangoni, kwa hiyo milango iliyokusudiwa kuzuia moshi isiweze kufungwa. Kati ya vituo 216 vya kuzimia moto, 187 havikuwa katika hali ya kufanya kazi. Mfumo wa kumwaga povu ulikuwepo, na kitufe chake kilikuwepo, hakuna aliyekibonyeza. Kabla ya siku hiyo mabaharia walikuwa wamefanya mazoezi ya kuzima moto mara 14 mfululizo bila kufikisha maji au povu penye moto katika muda unaotakiwa, na mara zote 14 maisha yakaendelea.

Nirudie hilo, maana darasani tulifundishwa kwamba takwimu zisipite haraka. Mara ya kwanza wameshindwa. Ya tano wameshindwa. Ya 13 wameshindwa. Kila mara kuna mtu aliandika fomu, akasaini, akaenda kula. Kwangu mimi hapo ndipo meli ilipoungua.

Mwenzetu atanijibu kwamba natafuta kasoro tatu katika jeshi lenye meli nyingi. Basi tuhesabu zote. Desemba 2024, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliripoti kwamba kati ya manowari 32 za aina hii, nusu zilikuwa katika hali isiyoridhisha. Mojawapo ya meli za kundi hilo tunaijua hata sisi wa huku: USS Boxer, ile iliyompokea nahodha Richard Phillips alipookolewa kutoka mikononi mwa maharamia wa Kisomali, Aprili 2009, wakati meli yake ya mizigo ilikuwa njiani kwenda Mombasa. Mwaka 2024 Boxer hiyo iliondoka bandarini kwenda kazini, na baada ya siku chache ikarudi kwa ubovu wa usukani.

Na hiyo dharau ya kusema "mambo ya kiraia"? Ufaransa ina manowari tatu za kundi la Mistral, ya kwanza ikiwa imeanza kazi mwaka 2006. Zilijengwa kwa sehemu kubwa kwa kufuata viwango vya meli za kiraia, kwa sababu ni nafuu na karakana zao zimezoea kuunda meli za abiria. Korido ni pana, mabaharia ni kama 160 tu, hospitali ina vitanda 69 na vyumba viwili vya upasuaji. Mwaka 2006 Mistral ilihamisha watu kutoka Beirut wakati wa vita. Mwisho wa mwaka 2023 Dixmude ilitia nanga El Arish, Misri, ikatibu majeruhi kutoka Gaza. Sisemi kwamba meli hizo zingestahimili kombora kuliko za Marekani. Nadhani zisingestahimili, na waliozijenga walilijua hilo wakachagua. Ninachosema ni kwamba neno "kijeshi" halichomelei bomba, na neno "kiraia" halilitoboi.

Mtaniuliza mwanafunzi wa lugha ana shida gani na mabomba ya Wamarekani. Nitajibu kwa safari moja. Miaka miwili iliyopita nilipanda meli katika moja ya maziwa yetu. Siitaji jina. Ilikuwa imetoka kukarabatiwa: viti vipya vya sponji, televisheni, sakafu inang'aa. Abiria tulifurahi, hata mimi nilipiga picha. Usiku nikatafuta hewa, nikakuta mlango wa dharura umezibwa kwa magunia ya dagaa mpaka juu, na kabati la maboya limefungwa kwa kufuli. Nilimwuliza kijana wa zamu, "Ndugu yangu, ufunguo uko wapi?" Akasema anao bosi. "Na bosi yuko wapi?" Akacheka, "Bosi kabaki bandarini, kaka." Tulifika salama. Picha niliyopiga ni ya viti.

Kwa hiyo mwenzangu, ukirudi na picha zako muhula huu, nitakuja kukaa mbele kabisa. Tuonyeshe sitaha ya magari siku ya matengenezo. Tuonyeshe mlango wa chuma na tuone kama kuna waya umepita katikati yake. Vitanda tumeshaviona.