Mlinzi Atangulie, Mtalii Afuate

Katika miaka hii umezuka utalii wa namna ya pekee. Watu wenye fedha hupanda meli ndogo, zichukuazo wasafiri mia moja au mia mbili, wakaenda kutazama dubu weupe, sili na milima ya barafu katika pwani za kaskazini kabisa ya dunia. Husemwa kwamba meli hizo, kwa kuwa ni ndogo, hazina madhara. Sisi tuliofunzwa kazi ya ulinzi hatuwezi kuyapokea maneno hayo bila kuyapima.

Tarehe 11 Septemba 2023, meli Ocean Explorer, yenye watu 206, ilikwama katika ghuba nyembamba ya Alpefjord, kaskazini-mashariki ya Greenland. Meli ya doria ya jeshi la Denmark iliyoamriwa kwenda kuisaidia ilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 2,000. Siku tatu baadaye meli ya utafiti wa samaki, Tarajoq, iliinasua maji yalipojaa. Hakuna aliyekufa. Lakini na tujiulize: kama ingalitoboka siku ile ya kwanza, nani angaliwahi kufika?

Ndugu askari na polisi, mahali hapo pana wenzenu. Ni kikosi cha Sirius cha jeshi la Denmark, ambacho askari wake waliifikia meli hiyo na kuwaona wasafiri. Doria zake ni za watu wapatao 12 tu. Wakati wa baridi huenda wawili wawili, kwa sleji zinazokokotwa na mbwa, nao wamepewa mamlaka ya polisi. Hulinda hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 972,000, eneo linaloishinda Tanzania nzima. Je, ni haki kuwatwika watu hao wachache mzigo wa kila nahodha mzembe?

Uzembe huo si wa kubuni. Mwaka 2010 meli Clipper Adventurer, yenye wasafiri 128, ilipanda mwamba kaskazini ya Kanada. Mwamba ule ulikuwa umekwisha gunduliwa tangu 2007, na tangazo likatolewa kwa mabaharia. Wakuu wa meli hawakulizingatia. Askari yeyote anajua maana yake: amri isiyosomwa ni sawa na amri isiyotolewa. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Wanyama nao hulipa. Mwaka 2018, huko Svalbard, dubu alimshambulia mlinzi wa meli ya watalii aliyeshuka pwani, naye dubu akapigwa risasi akafa. Dubu alikuwa kwao. Mgeni ndiye aliyemfuata. Norway ilitenda vema ilipoamua kwamba, tangu 1 Januari 2025, meli ziingiazo maeneo ya hifadhi huko zisizidi wasafiri 200, na watu wakae mita 300 kutoka kwa dubu, au 500 kati ya Machi na Juni.

Kwa maoni yetu, sheria hiyo haitoshi. Meli isiruhusiwe kuingia peke yake katika ghuba za mbali. Ziende mbili, ili moja iwe msaada wa nyingine, kama doria za Sirius ziendavyo wawili wawili. Wala faida ya utalii isihesabiwe kabla ya kuhesabu gharama ya uokoaji. Anayefungua mlango wa nyika awe amekwisha kuweka mlinzi mlangoni.