Kupanda pole pole



Mwezi huu tuongee juu ya maji. Utasema: sisi watu wa mashimo na milima, maji yanatuhusu nini? Soma mpaka mwisho, zaidi kama una kijana anayefanya kazi mtoni.

Kuna watu katika dunia ambao wakipata konje wanakwenda kuzama baharini. Hawatafuti dhahabu wala samaki, wanatafuta kuona tu. Katika bahari ya Karibi, upande wa Amerika ya kati, kuna kisiwa kinachoitwa Roatán, cha inchi ya Honduras. Chini ya maji yake kuna matumbawe. Ukiyaona utasema ni mawe, kumbe yamejengwa na wanyama wadogo sana wa bahari, mmoja juu ya mwingine, kwa maelfu ya miaka. Samaki wa rangi zote wanaishi ndani yake. Hata huku Afrika wageni wanazama Zanzibar, na kwenye kisiwa cha Mafia, ambako serikali ya Tanzania ilifungua mbuga ya bahari mwaka 1995.

Mgeni huyo anabeba mgongoni chupa yenye hewa iliyokazwa kwa nguvu. Kifaa cha kumpa hewa hiyo kwa kipimo kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques-Yves Cousteau, askari wa majini, pamoja na injinia Émile Gagnan. Lakini kabla ya kuachwa azame, anafundishwa siku kadhaa. Fundisho la kwanza: usizuie pumzi hata mara moja. La pili: panda pole pole, usipite metre 9 kwa dakika moja. Karibu na juu, kwenye metre 5, simama dakika 3, kisha umalize kupanda. Boti linamngojea, hakuna anayemkimbiza.

Kwa nini pole pole? Sikia vizuri.

Ukishuka metre 10 ndani ya maji, uzito unaokukaza unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Hewa unayopumua kule imekazwa vilevile. Ukijaza mapafu kule chini, ukazuia pumzi na kupanda, hewa ile inataka kuwa mara mbili, na mapafu hayana nafasi. Yanapasuka. Hata metre 2 zinaweza kutosha kuleta hatari hiyo.

Tena, sehemu kubwa ya hewa ni azoti. Ukikaa chini muda mrefu, azoti inaingia katika damu na nyama ya mwili. Chukua chupa ya Fanta. Ikiwa imefungwa, huoni kitu. Ifungue ghafula, povu inamwagika mpaka mezani. Ifungue kidogo kidogo, gazi inatoka bila fujo. Mwili wako ni ile chupa. Ukipanda haraka, povu inatokea ndani ya damu: viungo vinauma, ngozi inawasha, miguu inakufa ganzi, mtu anapooza, wengine wanakufa. Mwaka 1908 John Scott Haldane, mwana sayansi wa Uingereza, alitoa taratibu ya kwanza ya vituo vya kupanda, baada ya kuijaribu na mbuzi. Kwa hiyo jambo hili linajulikana tangu zamani.

Sasa sikia upande wa pili wa bahari ileile. Katika Honduras hiyohiyo, kwenye pwani ya bara, kuna kabila la Wamiskito. Nao wanazama na chupa za hewa, lakini si kwa konje. Wanatafuta kamba wakubwa wa bahari, ambao wanauzwa Marekani. Kwa miaka mingi wanaume wale walishuka metre 30 na zaidi, chupa kumi na zaidi kwa siku moja, wakipanda mbio ili wachukue chupa nyingine. Wengi hawakufundishwa. Mamia na mamia wamepooza. Tarehe 31 Agosti 2021, Korti ya Haki za Binadamu ya Amerika ilitoa hukumu juu ya Wamiskito 42 na jamaa zao. Serikali ya Honduras ilikubali kosa lake: haikusimamia makampuni yaliyowatuma watu wale chini.

Unaona? Bahari ni moja, hewa ni moja. Mmoja anarudi nyumbani na picha, mwingine anarudi akibebwa. Si kwa sababu mmoja ana damu nyingine. Mmoja alifundishwa na akapewa muda.

Turudi kwetu. Kati ya 2013 na 2015 mto Ulindi, upande wa Shabunda, ulijaa draga za kufyonza mchanga wa dhahabu. Katika zile zilizotengenezwa na watu wenyewe, vijana walishuka chini ya mto kuongoza bomba, wakipumua kwa tuyo iliyounganishwa na moteri juu. Popote kazi ya namna hiyo inafanyika, sheria ya maji ni ileile ya Roatán. Maji hayaulizi ulishuka kutafuta nini.

Kijana atanijibu: «Papa, huku mto ni metre nane tu, bahari ni kitu kingine.» Mwanangu, chupa ya mgeni inaisha kwa muda wa saa moja hivi, naye anapanda akitaka asitake. Tuyo yako haiishi. Unaweza kukaa chini saa tatu, saa nne, na azoti inaingia tu. Halafu hesabu za wageni zimepimwa kwenye usawa wa bahari. Sisi tuko juu: ziwa letu la Kivu liko kwenye metre 1.460. Hewa ya milimani ni nyepesi, na povu inatoka upesi zaidi. Ukimaliza kazi ya mto, ukapanda ndege ndogo au pikipiki ya kwenda milima mirefu siku hiyohiyo, unaifungua Fanta mara ya pili.

Na moshi? Ninyi wachimbaji mnajua: moteri ya kuvuta maji ikiwekwa ndani ya shimo, moshi wake unaua watu bila kelele. Ni vivyo hivyo moteri ya hewa ikivuta moshi wake yenyewe na kuutuma katika tuyo.

Kuna neno moja linaniuma zaidi. Kijana akipanda mzima, saa moja baadaye miguu ikakataa, jamaa wanasema nini? «Amelogwa.» Au: «Ni mamba-muntu amemkamata.» Wamiskito nao walisema vile: ni Liwa Mairin, mwanamke wa majini, ameadhibu mzamiaji. Kumbe ni povu. Lakini huku kwetu, neno likitoka, mama mzee wa jirani anaanza kuangaliwa vibaya, na tunajua njia hiyo inaishia wapi. Wakristo, tusimwage damu ya mzee kwa ajili ya kitu kinachoonekana katika chupa ya Fanta.

Basi mashauri. Kijana, bora zaidi ni kuacha kazi hii. Ukiwa ndani yake bado, usizuie pumzi ukipanda. Panda pole pole na simama njiani. Punguza muda wa chini. Weka mdomo wa kuvuta hewa mbali na moshi, upande upepo unakotoka. Mtu mmoja akae juu na kamba mkononi, asiwe na kazi nyingine. Baada ya kuzama, ngoja siku nzima mbele ya kupanda ndege au mlima.

Mwenye draga, usimpigie kelele mtu anayepanda. Dakika zile tatu si uvivu.

Mama, mtoto akitoka majini na maumivu au ganzi, mlaze chali, asitembee, usimkande, usikubali arudishwe majini. Mpeleke hospitali, uombe oksijeni, na useme wazi: «Alikuwa chini ya maji, muda fulani.» Bila neno hilo muganga anaweza kutafuta malaria.

Ukiwa unajua kusoma, soma ukurasa huu kwa sauti mbele ya wasiojua.

Maulizo ya kikundi cha vijana:

1. Katika kazi yetu, ni nani anayetukimbiza, na kwa faida ya nani?

2. Mtu akiugua ghafula, tunatafuta sababu au tunatafuta mwenye kosa?

3. Katika parokia au kanisa letu, ni familia gani ina mtu aliyepooza kazini? Tutawatembelea siku gani?