Si Konstantino, ni Theodosius

Nimesahihisha mitihani ya historia kwa miaka mingi, na jibu ni lile lile: kaisari Konstantino aliufanya Ukristo dini rasmi ya dola ya Roma. Siyo. Mwaka 303 askari wa kaisari Diocletian walilivunja kwa mashoka kanisa la Nicomedia, lililoonekana wazi kutoka ikulu, wakachoma vitabu vyake. Mwaka 311 kaisari Galerius, mtesaji mkuu, alilegeza kamba akiwa mgonjwa hoi, akawataka Wakristo hao hao wamwombee (ugonjwa nao ni mwalimu). Mwaka 313 Konstantino na kaisari mwenzake Licinius waliruhusu kila mtu dini yake, wakarudisha mali za kanisa zilizonyang'anywa. Amri ya dini rasmi ni ya kaisari Theodosius, mwaka 380.

Mimi ni Mkristo, na kinachoniuma ni kilichofuata. Haikupita miaka kumi, Priscillian, askofu wa Hispania, akauawa mjini Trier kwa amri ya kaisari Mkristo, baada ya maaskofu wenzake kumshitaki. Askofu Martin wa Tours alisihi asiuawe, lakini mwishowe ikawa bure. Walimu wenzangu, tunapoandika 313 ubaoni, jina la Priscillian nalo tuliandike.