Vikao vya Kazi Visiwe vya Mtu Mmoja

Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulipoagiza kuundwa kwa Mabaraza ya Wafanyakazi katika mashirika ya umma, shabaha yake haikuwa kuongeza idadi ya vikao. Ilikuwa kumpa mfanyakazi sauti juu ya kazi aifanyayo. Mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU ukakemea viongozi wenye majivuno na dharau. Na Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003 imeyapa mabaraza nafasi yake serikalini.

Lakini kikao kinaweza kuwapo kisheria na kikakosa uhai. Tunavifahamu vikao vya namna hiyo. Mkuu huzungumza saa mbili, makisio ya fedha husomwa mbiombio, na wajumbe huambiwa watoe maoni yao chini ya "mengineyo", wakati jua limekwisha kuinama na kila mtu anatazama mlango. Muhtasari huandika kwamba wajumbe walijadili kwa kina. Mjadala wa kweli hufanyika baadaye chini ya mwembe, ambako hakuna katibu wa kuuandika wala mkuu wa kuusikia.

Ni rahisi kusema wafanyakazi ni waoga. Mwalimu aliyehoji matumizi ya fedha za shule, kisha akapewa barua ya uhamisho kabla muhula haujaisha, hahitaji kufundishwa tena faida ya kunyamaza. Nao wenzake wamelipata somo hilo bila gharama yoyote. Woga huo ulipandwa, na aliyeupanda ndiye mwenye wajibu wa kuung'oa.

Dawa yake haihitaji fedha. Makabrasha yagawiwe siku kadhaa kabla, si mlangoni. Watumishi wa chini wasemeshwe kwanza: karani wa masjala ndiye ajuaye kwa nini majalada yanachelewa. Mkuu aseme mwisho, maana akishatamka msimamo wake mwanzoni, mjadala umefungwa. Na "yatokanayo" yasirukwe, kwani watu huacha kusema waonapo maneno yao hayafiki popote.

Nao wafanyakazi wasiligeuze baraza kuwa uwanja wa visasi au wa kudai posho tu. Adaiye kusikilizwa na aje na hoja aliyoifanyia kazi, na akubali kushindwa kwa hoja.

Baraza liitwapo kupitia makisio ya bajeti, tunawataka wenyeviti waanze na hilo la makabrasha.