Risiva Si Msaliti, Wacheni Alipwe

Kila Machi NFL ikifungua soko, wasee wa Nairobi wanaofuata futboli ya Marekani hugawanyika. Timu ikimtoa mchezaji, watu wanasema, "Hiyo ni biashara." Mchezaji akiomba doo zaidi ama kuondoka, wasee wale wale wanageuka: "Huyo ni msaliti." Mimi hapo ndipo hunishinda. Biashara inakuaje ya mtu mmoja?

Nitaongea juu ya marisiva kwa sababu ndio hutukanwa zaidi. Kama huu mchezo bado ni mgeni kwako, risiva ni yule jamaa anayesimama karibu na pembeni, mpira ukianza anatimka kama hoka ameona kanjo, halafu anadaka pasi ndefu mabeki wawili wakiwa wamemning'inia shingoni. Ni kazi ya mbio na magoti. Na magoti, kama tunavyojua, hayana spea.

Sasa chukua kesi ambayo watu bado wanaibishania hadi leo. Machi 2022, Kansas City Chiefs walimtoa Tyreek Hill kwenda Miami Dolphins. Chiefs walipata nafasi 5 za drafti: moja ya raundi ya kwanza, moja ya pili, mbili za nne na moja ya sita. Miami wakampa Hill mkataba mpya wa miaka 4 wa dola milioni 120, na kati ya hizo milioni 72.2 zilikuwa za uhakika. Mashabiki wa Chiefs walilia kama wamefiwa. Patrick Mahomes sasa atamrushia nani?

Jibu lilikuja haraka. Mahomes alimaliza msimu huo akiwa MVP, na Chiefs wakabeba Super Bowl Februari 2023, halafu wakairudia Februari 2024. Ile nafasi ya raundi ya kwanza waliitumia kupanda juu kwenye drafti wakamchukua beki Trent McDuffie, ambaye alikuwa uwanjani kwenye fainali zote mbili. Huko Miami, Hill alikuwa moto: yadi 1,710 msimu wa 2022, halafu 1,799 msimu wa 2023, akaongoza ligi nzima. Lakini mechi za mchujo zikafika, hakushinda hata moja. Januari 2024 alirudi Kansas City kwenye baridi kali ajabu, akapigwa 26-7 na timu yake ya zamani.

Basi wasee wakapata silaha. "Unaona? Alifuata pesa, akakosa pete mbili." Hiyo sentensi nimeisikia mara nyingi sana, na inasemwa na watu ambao wakiongezwa elfu tano tu wanahama kazi kesho asubuhi.

Wacha tuangalie mfumo wenyewe, kwa sababu wengi wetu tumelelewa na EPL na tunadhani mambo ni yale yale. EPL, klabu mbili zikikubaliana bei, bado mchezaji lazima akubali mkataba wake. Akikataa, dili imekufa. NFL haiko hivyo. Labda mkataba wako uwe na kipengele cha kuzuia, timu inaweza kukuamsha Jumanne na kukwambia wewe sasa ni wa mji mwingine. Hawakuulizi mke anafanya kazi wapi wala watoto wako darasa la ngapi.

Na hata mwanzo hukuchagua. Ukitoka chuo, timu ndizo zinakuchagua kwenye drafti, na mkataba wa kwanza ni wa miaka 4 kwa bei ambayo karibu yote imeshapangwa kulingana na nafasi uliyochukuliwa. Hadi misimu 3 iishe, huruhusiwi hata kukaa mezani kuujadili upya. Hill alichukuliwa raundi ya tano mwaka 2016. Raundi ya tano ni kama kuajiriwa kwa majaribio. Ukilipuka ukawa bora kuliko wote, bado unalipwa ile ya majaribio mpaka siku yako ifike.

Halafu hizo namba kubwa tunazoshangaa si za kweli zote. Milioni 120 zikitajwa, angalia zile za uhakika, kwa sababu zingine timu inaweza kukukata kabla hujaziona. Hiyo ndiyo maana risiva akipata mlango wa kulipwa anaingia mbio. Septemba 2025, Hill aliumia goti vibaya kwenye mechi dhidi ya New York Jets, na msimu wake ukaishia hapo. Ile pesa ya 2022 asingeichukua, nani angempa leo? Wewe shabiki na jezi yako?

Kwa haki, hata Chiefs siwalaumu. Mwaka 2022 kila timu ilikuwa na kikomo cha dola milioni 208.2 kwa mishahara ya wachezaji wote. Mtu mmoja akichukua wastani wa milioni 30 kwa mwaka, hiyo ni karibu asilimia 14 ya sufuria yote. Walipiga hesabu, wakaona heri wapate vijana wengi wa bei ya chini. Hesabu yao ilikuwa sawa. Ya Hill pia ilikuwa sawa. Dili inaweza kuwa nzuri kwa pande zote mbili, lakini shabiki hataki kusikia hivyo kwa sababu amezoea lazima mmoja afungwe.

Na kama bado unaamini anayeomba pesa ndiye huharibu timu, kuna kesi nyingine ya mwaka huo huo. Aprili 2022, usiku wa drafti, Tennessee Titans walimtoa A.J. Brown kwenda Philadelphia Eagles. Hawakufikia bei yake. Eagles wakamlipa: miaka 4, dola milioni 100. Kwa nafasi ya 18 waliyopewa, Titans walimchukua risiva mwingine mchanga, Treylon Burks, wakitumaini atakuwa Brown wa bei nafuu. Desemba mwaka huo timu hizo zikakutana. Brown aliwafunga Titans tachidauni 2 na yadi 119, Eagles wakashinda 35-10. Siku mbili baadaye, meneja mkuu wa Titans, Jon Robinson, alifutwa kazi. Februari 2025 Brown akavaa pete ya Super Bowl, baada ya kuwachapa hao hao Chiefs 40-22.

Kwa hivyo Chiefs walikataa kulipa wakabeba vikombe. Titans walikataa kulipa wakazama. Tofauti haikuwa tabia ya risiva. Chiefs walikuwa na Mahomes na mpango. Titans hawakuwa na mtu kama huyo. Usimbebeshe mchezaji lawama ya meneja.

Halafu kuna Davante Adams. Machi ile ile ya 2022 alitoka Green Bay Packers akaenda Las Vegas Raiders, na sababu moja kubwa ilikuwa kucheza tena na Derek Carr, rafiki yake wa chuo. Huyo sasa alifuata moyo, si ndiyo mnataka? Kabla msimu uishe Raiders walimweka Carr benchi, na Februari 2023 wakamwachilia. Oktoba 2024 Adams mwenyewe wakamtoa kwa Jets. Sikumbuki kusikia mtu hapa akiwaita Raiders wasaliti.

Naelewa uchungu wa shabiki, na siuchukulii poa. Ukikesha hadi saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu ndio Super Bowl ianze, na kesho uko na darasa ama kazi, hiyo timu ni yako. Umenunua jezi Gikomba ama Toi, ina jina mgongoni, na sasa jina limehama. Inauma. Lakini kuumia hakukupi haki ya kudai mtu mwingine akufanyie kazi kwa bei ya chini ndio wewe ufurahi.

Na hapa ndipo hii story inatugusa sisi, hata kama hujui tachidauni ni nini. Wengi wetu tumeingia kazini kwa mlango wa raundi ya tano. Intaniship ya miezi sita bila mshahara. Kuedit video za mtu kwa "exposure". Kusimamia kurasa za kampuni kwa nauli na lunch. Ukikua, ukaanza kuleta wateja, ukiomba nyongeza unaambiwa, "Sisi hapa ni familia." Ukipata kwingine ukaenda, unaitwa mtu wa tamaa. Lakini siku mauzo yakishuka, hiyo familia inakutumia barua ya kukuachisha kazi Ijumaa saa kumi jioni.

Hayo maneno "familia" na "uaminifu" yana mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni yule anayeshika pesa. Ukimtukana risiva kwa kuomba thamani yake, unafanya mazoezi ya kujitukana wewe mwenyewe siku yako ikifika.

Kwa hivyo Machi ikifika na risiva wa timu yako akisema anataka kulipwa ama aende, bishana vizuri. Uliza ana miaka mingapi. Uliza za uhakika ni ngapi. Uliza timu imepata nafasi gani za drafti na ina nani wa kuzitumia vizuri. Ukiona bei ni mbaya, sema bei ni mbaya, hiyo ni haki yako kama shabiki. Lakini "msaliti" weka kando. Yeye ana goti mbili tu, na timu ina drafti kila mwaka.