Sifa Zilikuwa na Bei

Minneapolis, Minnesota

Wapendwa wa Asumbi,

Baba mdogo, wajomba, mashemeji, nanyi akina mama wa chama mnaosomewa barua na watoto, nisikilizeni. 

Yote mnayotuma kwenye kundi letu la WhatsApp nayaona. Wiki jana, ndani ya saa moja, yaliingia mambo matatu. Kwanza video ya msanii wa muziki wetu wa ohangla akishuka kwenye gari kubwa jeusi pale Rongo. Halafu ubishi wa nani kaachana na nani. Mwisho ikaja namba ya kuchangia bili ya hospitali ya mwanamuziki mzee, ambaye wengi wenu mlitongozana kwa nyimbo zake. Ubishi ulikesha. Kwenye mchango watu waliweka picha ya mikono inayoomba, wakapita zao.

Mnisamehe nikiongea kwa ukali wa mtu aliye mbali, lakini kwetu sifa hazikuwa za bure.

Wazee mnaijua pakruok kuliko mimi. Nawaelezea watoto waliozaliwa Nairobi. Muziki uko moto, mtu anasimama, anainua mkono, muziki unakatwa. Kwanza anaweka pesa. Pesa ikishaonekana ndipo anajisifu: ni mtoto wa nani, ameoa wapi, shemeji zake ni akina nani, ng'ombe wake wanafunika mlima upi. Mwingine hakubali kushindwa, naye anakatiza na kuweka zaidi. Mpiga nyatiti, kinubi chetu, anawangoja. Ile pete ya chuma kwenye kidole chake cha mguu imeacha kugonga, njuga zimenyamaza, macho yako kwenye noti. Akiridhika anarudi kwenye nyuzi zake 8, na jina la mtu yule linaingia ndani ya wimbo. Umaarufu wetu ulikuwa huo, wa dakika mbili, mbele ya majirani wanaojua kama ng'ombe hao wapo au hawapo. Na mwenye ala alilipwa papo hapo, mkononi.

Wakubwa wa muziki wa benga waliihamishia studio tabia ya kutaja watu. Okatch Biggy, aliyefariki mwaka 1997, alijaza nyimbo zake majina ya marafiki na ya wanawake, hata mtu asiyewahi kuvuka Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, akawa anawajua kama majirani. Ohangla ya leo nayo ni vivyo hivyo. Sikilizeni majina yanavyopangwa: mwanasiasa, mkandarasi, kijana aliyeko Qatar. Wapo wanaosema huko ni kujipendekeza. Huenda. Mimi naiona biashara iliyo wazi kuliko hii ya simu, ambapo unamtazama msanii usiku kucha, bando inakwisha, na umbea wake unamfaidi kila mtu kabla haujamfaidi yeye.

Kuna kisa nimewasimulia wenzangu kazini mpaka wananikwepa. Mwaka 2018 Kanye West alitoa wimbo wa Yikes. Ndani yake mna kipande cha Kothbiro, wimbo wa Black Savage, bendi ya Nairobi ya miaka ya 1970. Tazameni orodha ya watunzi wa Yikes: katikati ya majina ya kigeni yumo James Mbarack Achieng, jina la kwetu. Ayub Ogada, aliyekuwa kwenye bendi hiyo, aliurekodi upya wimbo huo kwa nyatiti katika albamu ya En Mana Kuoyo, iliyotolewa mwaka 1993 na Real World, kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Ukasikika tena kwenye filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Na Ogada huyo, kabla hajavuma, alikuwa akipiga nyatiti kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, wapita njia wakimwekea sarafu. Wageni wasiojua hata kujisifu, nao walitoa!

Alifariki Februari 2019, Kisumu. Siku ile nyote mliweka picha yake. Nikauliza kwenye kundi ni nani aliyewahi kununua albamu yake. Walijibu wawili, na mmoja najua alikuwa akinidanganya.

Lady Maureen alikuwa wetu zaidi, wa hapo jirani Migori, mwanamke aliyesimama mbele ya ohangla wakati wengi waliiona kazi ya wanaume. Alipougua, maombi ya kumsaidia yalizunguka hadharani. Alipofariki Septemba 2022, rambirambi zilimiminika. Najiuliza wale waliokuwa wakisimamisha ngoma yake ili watajwe, ni wangapi walifika alipokuwa kitandani.

Sisemi muache kuwapenda mastaa. Lupita, yule mwigizaji, nampenda kama nyinyi. Tangu achukue Oscar Machi 2014, wazee ninaowahudumia hapa huniuliza kama ni binamu yangu, na siku hizi nimechoka kukataa. Lakini Lupita ana wakala na ana wanasheria. Mpiga orutu, ile fidla yetu, wa huko njia ya Rodi Kopany ana kibuyu cha kuwekewa hela, na sasa hata hicho mnakipita mkiwa mmeinua simu kumrekodi.

Mwaka jana tuliletewa msanii wa ohangla huku. Ukumbi wa kukodi, theluji nje, samaki wamekaangwa na mama mmoja wa Mbita. Usiku wa manane dereva wa lori, mtu wa Rongo, alisimamisha kinanda, akainua simu juu ili tuone dola 100 zimeshatumwa, ndipo akaanza: yeye ni simba wa Kamagambo, barabara za Amerika humwogopa. Nesi mmoja wa kwetu Asumbi hakuvumilia. Akatuma 150, akajitaja binti aliyenyooshwa na masista, ambaye baridi ya Minnesota humpisha njia. Tulipiga vigelegele mpaka mlinzi akachungulia. Msanii aliondoka na hela zake na wimbo wenye majina mapya.

Sasa nije kwenye ukumbusho wa babu mwezi Desemba. Bajeti ya kamati nimeisoma: hema, viti, spika kubwa, MC kutoka Nairobi mwenye wafuasi wengi. Mzee wa orutu mmemwandika chini kabisa, kwenye "mengineyo", pamoja na viberiti. Mtoeni hapo. Alipwe kabla hajakaa, na kijana atakayemrekodi aandike kwenye video jina la mzee, si jina la ukurasa wake.

Pesa ya mzee nitaituma peke yake Ijumaa, mshahara ukiingia, kwa M-Pesa yake mwenyewe, isipitie kamati. Baba mdogo, najua utanuna. Nitumie namba ya mzee na jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho. Na siku ya ukumbusho ukitaka kutuambia tena habari za ng'ombe wako, utalipa kama wengine.

Ni mimi, mtoto wenu